Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo: mbegu ya mtama itufikie kabla ya mvua

Tarafa ya Mvumi,
Wilaya ya Chamwino,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: MBEGU BORA ZA MTAMA NA UWELE KUWAFIKIA WAKULIMA WA KANDA YA KATI

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanamke mkulima wa mtama na uwele, na kabla ya kustaafu nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika wilaya hii ya Chamwino kwa miaka thelathini na moja. Nimeona vema nikuandikie hadharani kwa sababu ninaloliomba si langu peke yangu, na pia kwa sababu ningependa watafiti, maafisa ugani na wakulima wenzangu wasome maneno yale yale utakayoyasoma wewe, ili atakayeona nimekosea mahali anisahihishe mbele ya wote.

Ombi langu nalitanguliza, nisije nikakupotezea muda. Naomba kazi ya kuzalisha aina mpya ya mtama au uwele isihesabiwe kuwa imekamilika siku aina hiyo inapoidhinishwa, bali siku mbegu yake inapokuwa mkononi mwa mkulima, kwa kiasi kinachomtosha, kabla mvua za Desemba hazijaanza. Mengine nitakayoandika ni maelezo ya kwa nini naliomba hilo na si jingine.

Naanza kwa shukrani, kwa kuwa zinastahili. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, iliundwa kwa Sheria Namba 10 ya mwaka 2016, na makao yake makuu yakawekwa Makutupora, hapa hapa Dodoma, wakati hapo nyuma kazi hiyo ilikuwa idara ndani ya wizara. Bajeti ya wizara yako imepanda kutoka takriban shilingi bilioni 294 mwaka 2021/2022 hadi zaidi ya trilioni 1.2 mwaka 2024/2025, na sisi tulio vijijini tumeziona dalili zake: mbolea ya ruzuku imekuja na maafisa ugani wamepewa pikipiki. Ukitaja vituo vya TARI unataja karibu kila zao linalotulisha nchi hii, korosho na karanga za Naliendele, michikichi ya Kihinga, migomba ya Maruku, mpunga wa Dakawa, pamba ya Ukiriguru. Sisi wa Dodoma tuna Makutupora kwa zabibu na Hombolo kwa mtama na uwele, kwa hiyo hatuwezi kusema watafiti wako mbali nasi. Mtu akitoka Mvumi alfajiri kwa basi anaweza kufika Hombolo, akatazama vipando na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Miaka kadhaa iliyopita nilipata bahati ya kuingia katika shamba la majaribio ya mtama pamoja na kikundi chetu cha wakulima, na nilichokiona siku ile ndicho kilichonifundisha kuiheshimu kazi hii. Ilikuwa yapata saa kumi jioni. Binti mmoja mtaalamu, wa umri wa mwanangu wa mwisho, alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya suke moja tu la mtama, mkononi ameshika kibano chembamba kama kile cha kutolea miiba. Sehemu kubwa ya suke lile alikwisha kuikata kwa mkasi, akaacha maua machache ambayo hayajafunguka. Akawa analifungua ua moja moja, dogo kuliko punje ya mchele, na kutoa ndani yake vifuko vitatu vya chavua bila kuigusa sehemu ya kike iliyo katikati, kwa maana akiijeruhi hiyo kazi yote imeharibika. Alipomaliza alilivika suke mfuko wa karatasi ya kaki, akaubana, akaandika tarehe kwa penseli kwa sababu wino hufutwa na umande. Alitueleza kwamba siku chache baadaye, asubuhi na mapema, angerudi na chavua ya mtama wa aina nyingine na kuikung'uta juu ya maua yale, kisha angelifunika tena. Nilimuuliza kwa jioni moja anamaliza masuke mangapi. Akanijibu matatu, na siku ikiwa njema manne. Shingo yake ilikuwa imeungua kwa jua.

Na huo, Mheshimiwa, ni mwanzo tu. Mbegu zitokanazo na suke lile zikipandwa huota zikiwa zimefanana, lakini kizazi kinachofuata hutawanyika: huu mrefu, huu mfupi, huu mweupe, huu mwekundu, huu unawahi, huu unachelewa. Hapo mtafiti huanza kuchagua, msimu baada ya msimu, mpaka apate mistari, yaani koo za mtama, isiyobadilika tena, na kazi hiyo peke yake hula misimu sita au saba. Baadaye mistari iliyobaki hupelekwa kwenye maeneo mbalimbali ili ionekane kama inavumilia udongo na mvua za kwingine, halafu Taasisi ya Uthibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI, nayo huifanyia majaribio yake kuona kama ni aina mpya kweli, kama inafanana shamba zima na kama inazizidi aina zilizotangulia. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza siku binti yule alipokuwa akitoa chavua anaweza kuwa kidato cha nne mbegu inapoidhinishwa.

Matunda ya subira hiyo yapo, tena yana majina. Tunayo Tegemeo, tunayo Pato, na kwa upande wa uwele tunazo Okoa na Shibe. Tunayo Macia, mtama mweupe mfupi uliozalishwa Matopos, Zimbabwe, ukaitwa kwa jina la mji wa Msumbiji, nchi ambako uliidhinishwa kwanza, na hapa kwetu ukaidhinishwa mwaka 1999. Botswana wanao mtama huo huo ila wao wameuita Phofu. Tunazo pia Wahi na Hakika, zilizoidhinishwa mwaka 2002, ambazo chimbuko lake ni kazi ya mtaalamu wa Kiethiopia, Gebisa Ejeta, aliyepewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009 kwa kutafuta mtama unaostahimili kiduha. Kwa asiyekijua kiduha, hili ni gugu lenye ua zuri la zambarau ambalo mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya mtama chini ya ardhi na kuunyonya, kiasi kwamba mkulima huona mtama wake umedumaa na kunyauka ilhali mvua ipo, na gugu lenyewe linapochomoza juu madhara yamekwisha kufanyika. Mmea mmoja wa kiduha hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na mbegu hizo hukaa ardhini miaka mingi zikingoja. Najua familia zilizohama mashamba kwa sababu yake.

Basi dawa ya tatizo hilo iliidhinishwa mwaka 2002, na mimi mbegu ya Hakika niliishika mkononi kwa mara ya kwanza mwaka 2019, nikiwa nimepewa viganja viwili na mkulima mwenzangu aliyeipata kwenye semina. Ninaomba uipime miaka hiyo kumi na saba, Mheshimiwa, kwa sababu ndiyo kiini cha barua hii.

Mwaka uliofuata nilijaribu njia iliyo rasmi. Nilikwenda kwenye duka moja la pembejeo, nikanunua pakiti za mtama zilizoandikwa kuwa ni mbegu bora, nikalipa kwa fedha ya kiinua mgongo. Duka lenyewe sitalitaja, kwa kuwa sikuja kushitaki mtu. Nilipanda ekari moja kwa kamba na kwa nafasi zinazoshauriwa. Mwezi wa Machi shamba lile lilikuwa na mtama wa vimo vitatu, mmoja umenifika kiunoni, mwingine begani, na mwingine umenipita kichwa, na masuke yake yakatoa punje nyeupe na nyekundu mchanganyiko. Aliyeniuzia alisema alivyoletewa ndivyo alivyouza. Majirani waliopita njiani waliona, na wawili kati yao waliniambia kwa upole kabisa kwamba wao wameamua kubaki na mbegu zao za kihengeni. Sikuwa na jibu la kuwapa, kwa maana ushahidi ulikuwa umesimama shambani kwangu.

Nimetafakari sana kwa nini mahindi chotara yanapatikana hadi kwenye vibanda vya minadani, ilhali mtama, zao linaloweza kweli kuzivumilia mvua zetu zisizofika milimita 600 kwa mwaka, hautafutiki madukani. Jibu nililolipata halina mtu mbaya ndani yake. Mtama kwa sehemu kubwa hujichavusha wenyewe, kwa hiyo mkulima akipata mbegu safi mara moja anaweza kuchagua masuke yake mazuri, akayatundika juu ya jiko yapate moshi, na kuyapanda mwakani yakatoa mtama ule ule. Mahindi chotara hayako hivyo. Ukirudia mbegu yake unavuna pungufu, hivyo kila mwaka lazima urudi dukani. Mfanyabiashara anayeuza mahindi chotara ana mteja wa kudumu, na anayeuza mtama ana mteja wa msimu mmoja ambaye huenda asimwone tena kwa miaka minne. Simlaumu kwa kuchagua mahindi, kwa sababu naye ana watoto wa kulisha. Lakini hapo ndipo ninaposema kwamba kwa mtama na uwele Serikali haiwezi kufikisha mbegu nusu ya njia na kutarajia soko limalizie nusu iliyobaki, kwa kuwa sifa ile ile inayolifanya zao hili liwe jema kwa maskini ndiyo inayolifanya lisimvutie muuzaji.

Uwele unahitaji maelezo yake, na naomba radhi kwa kuingia ndani kidogo. Wenyewe haujichavushi kama mtama. Chavua yake huchukuliwa na upepo, hivyo mtu akipanda Okoa kando ya jirani aliyepanda uwele wa kienyeji, baada ya misimu michache hana Okoa tena, ana mchanganyiko. Kwa hiyo mbegu ya uwele inahitaji kurudishwa upya mara kwa mara kutoka kwenye chanzo safi, na shamba la mbegu linatakiwa kutengwa mbali na mashamba mengine. Mpango mmoja wa mbegu kwa mazao yote hautafaa. Wataalamu wako wanalijua hili kuliko mimi, ila nimeona kwenye semina nyingi tunafundishwa kana kwamba mbegu ni mbegu tu.

Sasa niingie kwenye hesabu, ambayo nilikuwa nikiifundisha. Ekari moja ya mtama inataka kilo tatu hadi nne za mbegu. Tuseme kikundi kimepewa kilo nne za mbegu ya msingi iliyo safi, kikalima ekari moja, kikang'oa mimea yote isiyofanana na mingine kabla haijachanua, na kikavuna kilo 400 tu, mavuno ambayo kwa mwaka wa mvua ya wastani si ya kujivunia. Mbegu hiyo inatosha ekari 100 mwaka unaofuata. Kila kaya ikichukua ekari moja, kaya 100 zimepata mbegu safi kutokana na kilo nne zilizoingia kijijini mara moja. Hakuna zao jingine ninalolijua ambalo Serikali ingetumia kidogo hivyo na kupata kingi hivyo, na kwa sababu mtama hujichavusha, kaya hizo 100 hazihitaji kurudi kuomba mwakani.

Utaratibu wa kufanya hivyo tayari upo kisheria, nao ni wa mbegu za daraja la kuazimiwa, ambapo kikundi cha wakulima husajiliwa, shamba lake likakaguliwa na mkaguzi aliyeidhinishwa, kisha mbegu ikauzwa kwa majirani wa eneo lile. Kinachokosekana kwetu ni ile kilo nne ya kuanzia. TARI hutunza mbegu mama, Wakala wa Mbegu za Kilimo huzidisha, TOSCI hukagua, na maafisa ugani walio karibu nasi wako chini ya halmashauri, si chini ya wizara yako. Kila mmoja ana sehemu yake na pengine anaifanya vizuri, lakini mkulima wa Mvumi akimaliza Desemba bila mbegu, haijulikani kati ya hao wote aulizwe nani.

Naomba pia tusidharau suala la wakati. Hapa kwetu mvua ni ya msimu mmoja, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili, na katikati yake, mara nyingi Februari, kuna kiangazi kifupi ambacho ndicho kinachoamua nani atakula. Wapo wanaoberega, yaani wanaokwangua ardhi juu juu bila kuitifua, na kutupia mbegu ardhini kabla tone la kwanza halijadondoka, ili mmea uitumie kila siku ya unyevu. Mbegu inayofika wiki ya pili ya Januari, hata iwe bora namna gani, inamkuta mkulima amekwisha kupanda, na yule ambaye hajapanda ataifanya chakula. Mwaka mmoja tuliletewa mbegu kijijini kwetu katika wiki hiyo. Nakumbuka magunia yakiwa yamepangwa kwenye veranda ya ofisi ya kijiji, watu wakipita kuyatazama, na mwenyekiti akiwaomba wayachukue hivyo hivyo ili taarifa ya ugawaji ikamilike.

Kuna jambo jingine ambalo, kama mwanamke, siwezi kuliacha, nalo ni jikoni. Marehemu mama mkwe wangu hakuwahi kuuchagua mtama kwa kuutazama shambani. Alikuwa akichukua punje tatu, anaziweka chini ya gego, anazibana taratibu huku amefumba macho. Zikipasuka kwa mlio mkavu, alisema zitakaa kihengeni na hazitasagikasagika kinuni wakati wa kukoboa. Zikimomonyoka kama chaki, alizitema, kwa kuwa alijua fukusi watazimaliza kabla ya Oktoba na mwenye kutwanga atapoteza nusu ya unga kwenye pumba. Baada ya hapo alitaka kuusonga ugali wake, auache ulale, autazame asubuhi kama bado umeshikamana au umegeuka uji. Mtama wowote ulioshindwa moja ya hayo hakuurudia, hata kama uliuzidi wa kienyeji kwa magunia.

Nayataja haya kwa sababu nimeona aina zilizosifiwa kwa mavuno zikiachwa na wanawake kimya kimya, na wataalamu wakabaki kusema wakulima wa Dodoma ni wagumu wa kubadilika. Viwanda vya bia vinataka mtama mweupe wenye wanga mzuri, na sisi tunafurahi kuwauzia. Lakini mtama mwekundu bado tunautaka kwa kimea cha togwa, mrefu tunautaka kwa mabua ya kuwashia moto na kulishia ng'ombe wakati wa kiangazi, na ule wa kuuza lazima uweze kuliwa mwaka ambao mnunuzi hakuja. Naomba aina mpya, kabla haijapelekwa kuidhinishwa, ikae miezi mitano kwenye vihenge vya wanawake wa vijiji vitano tofauti, itwangwe, isongwe, ilazwe, na majibu yao yaandikwe kwenye fomu ile ile yanakoandikwa magunia kwa ekari. Aina ikikataliwa hapo, watafiti watakuwa wameokoa miaka mingi ya kuizalisha mbegu ambayo ingekuja kuachwa.

Na ndege nao wana neno lao katika hili. Kwelea kwelea hushuka kwa makundi kama wingu la moshi, na nyakati hizo watoto na wazee hushinda shambani tangu alfajiri wakiamia, na miaka niliyokuwa nafundisha niliweza kujua mtama wa nani umeiva kwa kutazama dawati lililo wazi. Mkulima mmoja akipata mbegu inayowahi kuiva peke yake kijiji kizima, ndege wote wa eneo lile wanakuwa wake. Nimemwona mjane mmoja akivuna mabua matupu kwa sababu hiyo, naye akaapa kutogusa tena mbegu ya kisasa. Mbegu yenyewe haikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwamba ilimfikia yeye pekee. Ndiyo maana nasisitiza kiasi kinachotosha: mbegu ya mtama ikija kijijini ije kwa kaya nyingi kwa mara moja, ili mashamba yaive pamoja na ndege wagawane kwa wote.

Sitaki pia ieleweke kwamba naomba mbegu zetu za asili zitupwe. Lugugu, mtama wetu wa asili, ni mrefu, unachelewa, na hauzai kama Macia, lakini umepita ukame mwingi kuliko umri wa yeyote kati yetu, na siku moja mtafiti atahitaji kitu kilichomo ndani yake. Nchi yetu ina benki ya taifa ya nasaba za mimea pale Arusha, ambako mbegu za aina hii hukusanywa na kutunzwa kwenye baridi. Ombi langu dogo hapa ni kwamba zikusanywapo vijijini, jina la kijiji liandikwe pamoja na jina tunaloliita sisi, na kijiji kikija kuipoteza mbegu yake kwa njaa, kiwe na haki ya kuiomba kiganja kimoja irudi nyumbani.

Historia ya mkoa huu inanipa ujasiri wa kusema haya. Kongwa, ambako sasa ni mwendo mfupi tu kwa lami, mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kwa mamia wakitaka kulima karanga kwenye mamilioni ya ekari za Tanganyika. Hawakuwa na takwimu za kutosha za mvua, hawakuupima udongo ambao ukikauka huwa mgumu kama tofali na kuzing'ang'ania karanga ndani, na waliokuwa wakilima hapo tangu zamani hawakuulizwa. Mwaka 1951 mpango ulifungwa, na pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Utafiti ulikuja nyuma ya matrekta. Leo Serikali yetu imefanya jambo la busara kuutanguliza utafiti, na mashamba makubwa ya vijana chini ya mpango wa Jenga Kesho Iliyo Bora yamefunguliwa Chinangali na kwingineko katika mkoa huu. Ningesikitika kuona tumeyapata yote mawili, utafiti na mashamba makubwa, ilhali jembe dogo lililo kati yake limebaki na mbegu ya kuokoteza.

Kwa hiyo naomba mambo haya yafanyike, na nayaandika kwa namna ambayo mtu anaweza kuyapima. Kwanza, taasisi moja, na ninapendekeza iwe TARI yenyewe kwa kuwa ndiyo inayoijua mbegu kwa jina, ipewe jukumu na fedha za kuhakikisha mbegu ya msingi ya mtama na uwele inafika kwenye kikundi kimoja kilichosajiliwa katika kila kata ya Dodoma na Singida kabla ya tarehe 15 Novemba ya kila mwaka. Taarifa yake kwa Bunge, pamoja na kutaja aina ngapi zimeidhinishwa, itaje ni kata ngapi zilipata mbegu kabla ya tarehe hiyo na ngapi hazikupata. Mbegu ifungwe kwenye pakiti za kilo mbili, kwa kuwa mwenye nusu ekari ndiye aliye wengi kwetu. Na kwa kuwa wakulima tumekwisha kuandikishwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, tunaomba daftari lile lile litumike kujua nani analima mtama na wapi, badala ya kuandikishwa upya na kila mradi unaopita.

La mwisho linatoka kwa mwalimu aliyemo ndani yangu. Shule nyingi za msingi za wilaya hii zina shamba, na mengi ya mashamba hayo hulimwa mahindi ambayo hukauka Februari mbele ya macho ya watoto. Shamba la shule mara nyingi liko peke yake, mbali na mashamba mengine, na lina mikono ya kutosha ya kung'oa mimea isiyofanana, kazi ambayo mtoto wa darasa la sita huimudu kuliko mzee mwenye macho yangu. Nimepata kuwapa wanafunzi kazi hiyo kwa mtama wa kawaida, na kwa saa moja walikuwa wameitambua mimea yote ya ugeni na kubishana kwa hoja juu ya mmoja uliobaki. Kituo cha utafiti kikizikabidhi shule kumi tu za Chamwino kilo nne nne za mbegu ya msingi, na mtaalamu mmoja akaja mara tatu kwa msimu, mara ya kupanda, mara ya kuchanua na mara ya kuvuna, hesabu niliyokuonyesha hapo juu itakuwa imefanyika mara kumi, na watoto watakuwa wameona kwa macho yao kile nilichokiona mimi nikiwa na nywele nyeupe, kwamba mbegu ni kazi ya mtu aliyeketi juani na kibano.

Shule niliyostaafia ina ekari mbili ambazo zimekaa bila zao tangu msimu uliopita, na mwalimu mkuu ameniruhusu kuandika kwamba yuko tayari. Mimi mwenyewe nimetenga robo ekari iliyo mbali na majirani kwa ajili ya uwele, nimeizungushia miiba ili mbuzi wasiingie, na samadi nimekwisha kuimwaga. Sisi tutakuwa tumemaliza kuandaa mashamba hayo ifikapo mwisho wa Oktoba.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu na mkulima wa mtama,
Tarafa ya Mvumi, Chamwino.

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, Makutupora.